Gari la Mzee wa Husum

Kirchwerder imo ndani ya mipaka ya jiji la Hamburg, lakini anayefika huko kwa mara ya kwanza hawezi kuamini kwamba bado yuko mjini. Ni mashamba ya maua na mboga, mabanda marefu ya vioo, na tuta kubwa lililojengwa kuuzuia Mto Elbe usimwagikie nyumba za watu. Basi lipo, na siku za kazi linapita vizuri. Jumapili alfajiri ni habari nyingine. Mimi ni muuguzi katika nyumba ya kutunza wazee huko. Zamu ya asubuhi inaanza saa kumi na mbili, na bibi mwenye kisukari anayengoja sindano yake kabla ya chai hawezi kuambiwa avumilie basi. Nilipopewa mkataba wa kudumu, kitu cha kwanza nilichokitafuta kilikuwa gari.

Kwa Wajerumani, kabla ya gari kuna anwani. Kila anayehamia nyumba anatakiwa ajiandikishe makazi ndani ya wiki mbili, na mwenye nyumba hutia saini karatasi kuthibitisha kwamba mtu huyo kweli anakaa kwake. Gari husajiliwa pale mwenye nalo anapoishi, kwa hiyo asiye na makazi yaliyoandikishwa hana pa kulisajilia. Wanaoumia hapa ni ndugu zetu wanaopewa chumba na mtu ambaye naye ni mpangaji na hana ruhusa ya kupangisha. Wanalala humo, wanalipa kila mwezi, lakini serikalini hawaonekani, na kila wanapobisha hodi wanaulizwa cheti kilekile. Anayejiandaa kuja huku ningemwambia neno hili kabla hajaaga nyumbani: usikubali chumba kisichokuja na saini ya mwenye nyumba, hata kikiwa cha bei nafuu namna gani.

Baada ya anwani, leseni. Leseni ya Tanzania inakubalika miezi sita tu tangu siku ya kuhamia. Zipo nchi ambazo leseni zake hubadilishwa bila mtihani, zikiwemo Afrika Kusini na Namibia. Tanzania haimo, wala Kenya. Nikaingia darasani na kufanya mitihani yote miwili, wa nadharia na wa barabarani. Ule wa nadharia una maswali 30, na mtu anaweza kuyajibu kwa Kijerumani au kwa lugha kadhaa za wageni, kama Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kituruki. Kiswahili hakimo. Kukaa upande wa kulia wa barabara nilikuzoea upesi kuliko nilivyotarajia. Kilichonipa kazi ni kanuni moja: penye makutano yasiyo na taa wala alama, anayetokea kulia kwako ndiye mwenye njia, hata kama anatoka uchochoroni nawe uko kwenye mtaa mpana. Aliyejifunzia udereva Dar es Salaam, ambako barabara kubwa ndiyo hupita kwanza, lazima auzoeze mguu wake upya kila anapokaribia kona.

Gari lenyewe lilikuwa Husum, mji mdogo wa pwani ya Bahari ya Kaskazini, karibu na mpaka wa Denmark: Volkswagen Golf ya 2014, injini ya petroli, gia za mkono, mwenyewe mmoja tangu lilipotoka kiwandani. Hilo la mwenyewe mmoja ndilo lililonivuta. Nikamwomba shemeji anisindikize. Huyu ni mume wa dada yangu. Kabla ya kuja Ujerumani alikuwa fundi wa magari mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na siku hizi yuko bandarini Hamburg, anaendesha magari yaliyotumika na kuyaingiza melini. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwacha nyumbani siku ya kununua gari.

Tulipanda treni ya mkoa pale Altona, ile inayokwenda hadi kisiwa cha Sylt. Nchi ya kaskazini ni tambarare kabisa: malisho, mifereji, ng'ombe weusi kwa weupe, mitambo ya upepo isiyo na idadi. Baada ya kituo cha Wilster treni ikaanza kupanda, ingawa hapakuwa na kilima popote. Ilikuwa inapanda daraja la Hochdonn, lililofunguliwa mwaka 1920, lenye urefu wa zaidi ya kilometa mbili. Urefu wote huo ni ili treni ipate nafasi ya kuinuka polepole na kuvuka juu ya mfereji wa Kiel, maana meli zinazopita chini zimeachiwa mita 42. Mfereji ulifunguliwa mwaka 1895, una karibu kilometa 98, na meli inayopita humo haina haja ya kuizunguka Denmark yote ili kuingia Bahari ya Baltiki.

"Shem, angalia chini," shemeji akaniambia. Meli ya kubeba magari ilikuwa inapita taratibu, kuta zake zimesimama wima, haina hata dirisha ubavuni. "Ndiyo hizi ninazozipakia kila siku."

Gati anapofanyia kazi linaitwa O'Swaldkai. Jina hilo nimelikuta katika habari za Zanzibar kabla sijalikuta Hamburg. O'Swald ni familia ya wafanyabiashara wa mji huu waliofungua duka lao Unguja mwaka 1849. Walikuwa wakinunua kauri katika pwani yetu, shehena kwa shehena, na kuzipeleka Afrika Magharibi, ambako kauri zilitumika kama fedha. Mwaka 1859 mmoja wao, William Henry O'Swald, alijadiliana na serikali ya Sultani Majid mkataba wa biashara kati ya Zanzibar na miji ya Hamburg, Bremen na Lübeck. Leo gati lenye jina la familia hiyo linapeleka magari yaliyotumika Lagos, Cotonou na Dakar. Dar es Salaam hayaendi, kwa sababu iliyo wazi: wenzetu wa Afrika Magharibi wanaendesha kulia kama Wajerumani, na sisi tunaokwenda kushoto tunaletewa ya Japani. Shemeji alisikiliza habari za kauri hadi tulipopita Heide, kisha akasema kwamba kwa miaka yote aliyokaa pale alidhani O'Swald ni jina la meli.

Husum tulifika maji yamekupwa. Bandari yake iko katikati ya mji, na bahari huingia na kutoka humo kila siku kama ilivyo kwetu, basi mashua zilikuwa zimelalia ubavu kwenye tope na ndege wanatembea katikati yake. Mzee mwenye gari alitungoja kituoni akiwa amesimama wima, kofia mkononi. Alikuwa mwalimu, amestaafu zamani. Alituambia bila kuzunguka kwa nini anauza: macho yake hayaoni vizuri jua likishazama, na hataki kumgonga mtoto wa mtu ndipo akubali kwamba amezeeka.

Gari lilikuwa kwenye uwanja wa nyumba yake, limeoshwa. Shemeji alininong'oneza kwa Kiswahili nisionyeshe kwamba nimelipenda, akatandika koti lake chini na kuingia uvunguni na tochi ya simu. Majira ya baridi barabara za huku hunyunyiziwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo ikishikamana na chesisi hula chuma kimyakimya. Kutu ya namna hiyo anaijua tangu Gerezani. Magari ya watu wa Msasani na Kunduchi yalikuwa yakiletwa kwake yameliwa vivyo hivyo na upepo wa bahari. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka alisema chesisi ni nzima, ekzosi ina kutu ya juujuu, na shokapu ya mbele kulia imeanza kutoa mafuta. Nilimweleza mzee. Hakubisha. Aliinama akatazama mwenyewe kwa kioo kidogo, akapunguza bei papo hapo, na punguzo lilikuwa kubwa kuliko nililotaka kuomba.

Kisha tukaingia jikoni, mkewe akaleta kahawa na keki ya tufaha, na mzee akaweka faili mezani.

Humo mlikuwa na maisha yote ya gari lile. Gari jipya Ujerumani hukaguliwa likitimiza miaka mitatu, na baada ya hapo kila miaka miwili, na mashirika yaliyopewa kibali kama TÜV na DEKRA. Wakaguzi hutazama breki, taa, usukani, matairi, moshi, kutu, na kila ripoti huandikwa kilometa zilizosomeka siku hiyo. Mzee alikuwa na ripoti zote kwa mpangilio wa miaka, na nyuma yake risiti za gereji. Kwa hiyo sikuwa na haja ya kuuliza kama kilometa zimerudishwa nyuma. Nilizifuata kwa kidole kutoka karatasi hadi karatasi zikipanda. Kwa wanunuzi wa mitumba wa kwetu, ambao humtegemea dalali aseme gari halijatembea sana, faili kama lile ni mali.

Karatasi kubwa ni mbili. Moja dereva huwa nayo kila anapoendesha, na polisi akikusimamisha ndiyo anayoiomba. Ya pili huachwa nyumbani mahali salama. Ina alama za kuzuia kughushi na inaonyesha idadi ya watu waliowahi kusajiliwa na gari hilo. Nikaisoma yote, na nilipofika kwenye mstari mmoja nikausoma tena. Umechapwa hapohapo kwamba mwenye cheti hiki haonyeshwi kuwa ndiye mmiliki wa gari. Nikamuuliza mzee maana yake. Akanieleza kwa utulivu wa mwalimu kwamba anayeandikwa kwenye cheti ni yule anayewajibika kwa gari barabarani: anayelipa kodi, anayeweka bima, anayeandikiwa barua gari likifanya kosa. Umiliki ni jambo la mkataba kati ya muuzaji na mnunuzi. "Kwa hiyo mkataba tuuandike vizuri," akasema.

Maneno hayo yalinifikisha nyumbani. Marehemu baba alinunua Toyota kwa mtu wa Mbezi, akamlipa fedha zake zote, wakaandikishana kwa mwanasheria, baba akakabidhiwa kadi ya gari akaiweka kabatini. Jina kwenye kadi halikubadilishwa. Wengi kwetu hufanya hivyo. Mtu anaona kubadili jina ni gharama na mizunguko, gari liko mikononi mwake na funguo ni zake, anasema atakwenda TRA, mamlaka ya mapato, mwezi ujao. Baba alipofariki, tulikuwa na gari uani ambalo kwa mujibu wa kadi si letu. Kwenye mirathi halikuingia mpaka tulipompata yule bwana, ambaye alikuwa amehamia Mwanza, na kwa bahati alikuwa hai na muungwana. Ninafahamu wajane ambao hawakupata bahati hiyo. Na upande wa muuzaji nao una shida zake: yupo mtu analipwa gari lake leo, na miaka mitatu baadaye anatafutwa kwa ajali ya gari ambalo hata rangi yake ameshaisahau.

Mkataba wa mzee ulikuwa fomu ya chama cha madereva ambayo mtu yeyote anaweza kuipata. Nakala mbili za mkataba, na karatasi mbili nyingine za taarifa ya mauzo: moja ya ofisi ya usajili, moja ya kampuni ya bima. Tuliandika namba ya chesisi, kilometa, hali ya shokapu, idadi ya funguo. Kisha mzee akatazama saa ya ukutani na kuandika tarehe na saa ya makabidhiano: saa nane na dakika ishirini mchana. Saa hiyo ni sehemu muhimu ya fomu kuliko inavyoonekana. Gari lilikuwa na namba zake bado, na sheria inaruhusu mnunuzi aliendeshe kwenda nalo kwake. Bima iliyopo inahamia kwa mnunuzi pamoja na gari. Kamera ya mwendo kasi ikinipiga picha njiani, barua itafika Husum. Dakika iliyoandikwa pale ndiyo itakayosema usukani ulikuwa wa nani.

Fedha alitaka taslimu, na wauzaji wengi wa umri wake ndivyo wanavyotaka. Mkewe alizihesabu, yeye akazihesabu, nami nikaziona zikihesabiwa. Aliniomba jambo moja tu, nibadili usajili mapema. Nikamwahidi. Tulikunja viti vya nyuma tukapakia matairi manne ya baridi, yale yenye alama ya mlima na chembe ya theluji, ambayo alituongezea bila malipo.

Njiani niliendesha mimi. Barabara kutoka Husum hadi Heide ni ya njia mbili na trekta nyingi. Tuliwapita kondoo wamejaa juu ya matuta ya bahari, tukaingia Dithmarschen ambako kabichi zimepandwa hadi macho yanapokoma. Heide ndipo barabara kuu ya A23 inapoanzia. Hapo kila anayetaka kupita lazima apite kushoto kisha arudi kulia, na watu wanaifuata kanuni hiyo kwa uaminifu hata pasipo na polisi. Shemeji alisikiliza injini na kunyamaza, na kwa fundi ukimya huo ndio sifa. Mfereji wa Kiel tuliuvuka tena, safari hii kwa daraja la barabara kuu.

Ofisi ya usajili ya Hamburg niliyokwenda iko Ausschläger Weg, si mbali na kituo cha Berliner Tor. Miadi huchukuliwa kwa intaneti. Kwa kweli tangu 2019 hata usajili wenyewe unaweza kufanywa kwa intaneti, lakini mtu awe na kitambulisho ambacho chipu yake imewashwa kwa kazi hiyo, na mimi kadi yangu ya ukaazi haikuwa hivyo. Nilibeba pasipoti na cheti cha makazi, karatasi mbili za gari, ripoti ya ukaguzi, vibao vya namba nilivyovifungua garini, idhini ya kukatwa kodi katika akaunti ya benki, na namba ya bima.

Namba hiyo ya bima nataka kuieleza, kwa sababu kwangu ndiyo moyo wa shughuli nzima. Ni herufi na tarakimu saba unazopewa na kampuni ya bima. Karani akiziingiza kwenye kompyuta anaona papo hapo kwamba ipo kampuni iliyokubali kubeba madhara ya gari hili. Bila hizo saba usajili hausogei, hata ungekuwa na karatasi zote nyingine duniani. Na kiwango cha chini kinachotakiwa na sheria si kidogo: euro milioni 7.5 kwa madhara ya mwili. Bima kubwa, ya kulilinda gari lako mwenyewe, ni hiari yako. Ya kumlinda mwenzako si hiari.

Kabla ya kuja huku nilifanya kazi miaka mingi katika wodi ya majeruhi Dar es Salaam. Nimewapokea wapita njia waliovunjwa mapaja, vijana wa bodaboda, akina mama waliokuwa wakivuka na ndoo kichwani. Swali la pili baada ya maumivu lilikuwa siku zote la fedha za vyuma na upasuaji, na ndugu walikuwa wakisimama kwenye korido wakichangishana kwa simu. Sheria ya bima kwetu ipo, na ni ya lazima vilevile. Siku hizi stika ni ya kielektroniki na trafiki anaweza kuihakiki kwa simu yake. Lakini mara ngapi mgonjwa wangu alikuwa hajui hata gari lililomgonga limeandikwa jina la nani, na jina lilipopatikana likawa la mtu aliyeliuza zamani. Fidia ya mtu aliyelala kitandani huanza kukwama siku ile mnunuzi aliposema atabadili kadi mwezi ujao. Ndiyo sababu sikuona uzito wa kupanga foleni na karatasi zangu. Zile herufi saba ningependa majeruhi wangu wote wangekuwa nazo.

Gharama yake kwangu ilikuwa kubwa, hilo nalo niseme. Punguzo la bima hapa hujengwa mwaka kwa mwaka bila ajali, na miaka yangu ya Dar es Salaam kampuni haikuihesabu. Nimeanzia chini pamoja na vijana waliotoka shule juzi.

Kodi, kinyume chake, ilinishangaza kwa uwazi wake. Tangu 2014 inakusanywa na forodha, na mtu anaweza kuipiga mwenyewe kwa kalamu. Injini ya petroli hutozwa euro 2 kwa kila sentimita za ujazo 100 zilizoanza. Yangu ina 1,197, kwa hiyo ni euro 24. Kisha, kwa gari la umri kama wa langu, huongezwa euro 2 kwa kila gramu ya hewa ya ukaa inayozidi 95 kwa kilometa. Gari langu limeandikwa gramu 114, ziada ni 19, hiyo ni 38. Jumla euro 62 kwa mwaka. Tanzania ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari mwaka 2017 na kuongeza shilingi 40 kwa kila lita ya mafuta, kwa hiyo anayetembea zaidi hulipa zaidi. Mafuta ya taa nayo yaliongezwa, na hapo sikukubaliana na serikali yetu, maana mwenye koroboi hana gari. Ila kwa urahisi wa kukusanya, njia yetu ni nzuri, na niliwahi kuitetea mbele ya wafanyakazi wenzangu wa Kijerumani wakanisikiliza kwa makini.

Namba yangu ilitokea kwenye skrini nikaenda dirishani. Karani, mama wa makamo mwenye miwani shingoni, alizipitia karatasi moja moja, akauliza kama nataka kubaki na namba za zamani. Zilianza na NF, yaani Nordfriesland, wilaya ya mzee. Tangu 2019 mnunuzi anaweza kubaki nazo hata akiishi mbali. Kwetu herufi za kibao zinataja wakati: mtu akitangaza gari namba D, mnunuzi anajua liliingia nchini lini na bei inapanda au kushuka kwa herufi hiyo moja. Ujerumani herufi za mwanzo zinataja mahali. Nikasema nataka HH, ya Mji wa Hansa wa Hamburg, kwa sababu ndipo ninapoishi na ndipo ninapolipa kodi yangu. Herufi zinazofuata mtu anaweza kujichagulia kwa kuongeza euro 10.20, na wengi huweka za majina yao. Zipo ambazo hapewi mtu: KZ, SS, SA, NS, HJ, zote za enzi ya Wanazi. Niliona ni jambo la heshima kwamba nchi imeamua maumivu hayo yasizunguke barabarani hata kwa bahati mbaya. Mimi nilichukua zilizotoka kwenye mashine.

Ofisi haichongi vibao. Unapewa karatasi yenye namba, unatoka nje, na mtaani hapo yamejipanga maduka ya kuchapa vibao, kila moja likikuita kwa bango. Kijana aliyenihudumia alichukua bati jeupe la alumini, akapanga herufi kwenye mashine, akalikandamiza, akapitisha rangi nyeusi ya moto, akanikabidhi viwili vikiwa bado na joto. Umbo la herufi zenyewe limebuniwa makusudi ili P isigeuzwe R kwa kipande cha rangi, wala 3 isigeuzwe 8. Nikarudi dirishani. Karani akabandika muhuri wa Hamburg kwenye vyote viwili na, kwenye cha nyuma, kile kiduara cha ukaguzi ambacho rangi yake hubadilika kila mwaka na namba yake ya juu ndiyo mwezi wa kurudi kukaguliwa. Vibao vya NF alivikwangua mihuri. Nikaambiwa gari ni halali kuanzia dakika ile.

Shemeji alikuwa na bisibisi mfukoni. Tulifunga vibao hapohapo kwenye maegesho, yeye cha mbele, mimi cha nyuma, na nikakipiga picha cheti kipya nikamtumia mzee.

Wiki chache baadaye alinipigia simu. Kampuni yake ya bima ilikuwa imemwandikia kwamba mkataba wake umekoma na kumrudishia ada ya miezi iliyobaki; forodha nayo ilikuwa imemrudishia kodi. Hakuna mahali alipokwenda kuomba: ofisi ya Hamburg iliwaarifu yenyewe siku niliposajili. Alitaka nijue kwamba kwa upande wake jambo limekamilika. Nikamwambia jina kwenye gari la baba yangu nalo limebadilishwa, habari ambayo niliwahi kumdokezea jikoni kwake, naye akasema amefurahi kwa ajili ya mama yangu. Akauliza shokapu. Nikamjibu kwamba shemeji amefunga mpya, zote mbili za mbele. Akauliza matairi ya baridi, kwa kuwa Oktoba ilikuwa imeshaingia na Husum usiku ule kulikuwa na baridi kali. Nilikuwa nimeshachukua miadi gereji ya Bergedorf, Ijumaa.